Katu ya Tambuu Katika Majani ya Chai

Siku niliyotafuna jani bichi la chai ndiyo siku niliyomkumbuka nyanya yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, ingawa yeye hakupata kuliona shamba la chai maishani mwake. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Litein, mahali ambapo ukitazama kulia ni chai, ukitazama kushoto ni chai, na mbele yako kilima kizima kimekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Mpwa wangu, kijana wa Mombasa aliyefikishwa huko na masomo ya kemia na ambaye sasa ameizoea baridi hata sweta havai, alinichumia ncha moja, yaani majani mawili na chipukizi lake, akanambia, "Tafuna, mjomba, kisha uniambie wahisi nini."

Nikatafuna. Kwanza palikuja uchungu mdogo, halafu ulimi ukakauka, mashavu yakavutana ndani, na meno yakawa kana kwamba yamepakwa vumbi. Sisi watu wa pwani tuna jina la hali hiyo: ukakasi. Ndio ule uupatao kwenye ndizi mbichi na kwenye bibo. Lakini ukakasi huu haukunikumbusha ndizi wala bibo. Ulinirudisha kwenye chumba cha nyanya, nikiwa na umri wa miaka sita au saba, mkono wangu umo ndani ya kijaluba chake.

Kijaluba hicho kilikuwa cha shaba. Ndani yake mlikuwa na majani ya tambuu yaliyofunikwa kitambaa kibichi yasinyauke, popoo na kisu chake, chokaa ndani ya kikopo, karafuu mbili tatu, na vipande vya kitu cha rangi ya damu ya mzee kiitwacho katu. Msomaji asidhani nasema lile katu la kukataa. Hii ni katu ya uraibu, itiwayo ndani ya tambuu pamoja na popoo na chokaa. Kwa macho yangu ya kitoto ilifanana na halua iliyokauka, nami nikaiba kipande nikakitia kinywani. Nyanya alinikuta nimekunja uso, siwezi kutema wala kumeza. Hakunipiga. Alicheka hata machozi yakamtoka, akasema kwamba katu yenyewe imeshanitia adabu, hana haja ya kuongeza.

"Basi huo ukakasi uuhisio ni wa katekini," mpwa wangu akanieleza pale shambani. "Ndizo tunazozipima. Chai yenye katekini nyingi ndiyo itoayo rangi na ukali."

Nitasema kweli: niliposikia neno hilo nilidhani ni la kanisani. Njia nzima tangu asubuhi tulikuwa tumepita makanisa, na katika mashule ya misheni nilipata kusikia habari za katekista na katekesimu. Nikamwuliza kama chai ya huku imebatizwa. Alicheka, lakini nilipombana anieleze asili ya jina lenyewe alikwama. "Tumelikuta vitabuni, mjomba. Twalipima kila siku, hatukupata kuuliza latoka wapi. Bila shaka ni la Wazungu."

Jawabu hilo sikuliridhia, na niliporudi Mombasa nililitafuta. Katekista na katekesimu yana asili ya Kiyunani, na maana yake ni kufundisha kwa mdomo. Katekini haina udugu nayo hata chembe. Katekini ni katu. Neno ambalo mpwa wangu aliliacha nyumbani, ndani ya kijaluba cha nyanya yetu, ndilo lililomngojea maabarani Kericho likiwa limevaa kanzu nyingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Bara Hindi na Bama kuna mti wa jamii ya mgunga ambao moyo wake ni mwekundu. Watu huupasua vipande vidogo, wakavitia katika masufuria makubwa na kuvichemsha muda mrefu, maji yakaiva na kuwa mazito kama shira, kisha yakapoa na kuganda. Kigandacho ndicho katu. Wahindi huiita kath au katha, na mabingwa wa lugha zao wanasema jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu kilichochemshwa mpaka kikatoa nguvu yake. Kusini mwa Bara Hindi na kwa Wamalai jina linasikika kachu. Sisi tulilipokea katika sura ya katu, pamoja na tambuu yenyewe, ambayo asili yake nayo ni huko huko.

Uraibu huu si wa juzi katika pwani ya Afrika. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo kwa amri ya mtawala wa mji, ikiwa ni heshima ya mgeni. Baada ya hapo akaendelea na safari yake hadi Mombasa na Kilwa. Kwa hivyo nyanya alipokuwa akimtandikia mgeni mkeka na kumsogezea kijaluba, alikuwa akifanya jambo lililokuwa na umri wa karne sita na zaidi.

Wareno walipoingia Bahari ya Hindi waliikuta katu ikisafirishwa kutoka bandari hadi bandari. Garcia da Orta, tabibu wa Kireno aliyekaa Goa, aliieleza katika kitabu chake cha dawa kilichochapishwa huko huko Goa mwaka 1563, naye aliiandika cate. Baadaye waganga na wauza dawa wa Ulaya waliupokea mzigo bila kuujua mti. Walipoona madonge makavu ya kahawia wakadhani ni udongo, na kwa kuwa hawakujua latoka wapi, wakauita kwa Kilatini udongo wa Japani! Jina hilo la ajabu lilidumu muda mrefu katika maduka yao ya dawa. Lililolishinda ni lile lililofuata matamshi ya Mashariki, nao wakalitia katika Kilatini chao likawa catechu.

Katika karne ya 19 wanakemia wa Ulaya waliichukua katu, wakaiyeyusha, wakaichuja, wakapata ndani yake unga mweupe uliokuwa ndio kiini cha ukakasi wake. Kila kitu kipya kilihitaji jina, na desturi yao ilikuwa kuchukua jina la mmea na kulitia mkia. Kahawa ikatoa kafeini, na mwenye kujua Kiarabu ataisikia qahwa humo ndani. Katu ikatoa katekini. Muundo wake kamili haukujulikana hata miaka ya 1920, kwa kazi ya Mjerumani Karl Freudenberg. Na mwaka 1929 mwanamke wa Kijapani, Michiyo Tsujimura, alifaulu kuitoa katekini katika majani ya chai ya kijani. Hapo jina la katu likaingia rasmi ndani ya chai. Mama huyo alikuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kupata udaktari wa kilimo, mwaka 1932.

Mara nyingi tunapozungumza habari za sayansi barazani hujivunia maneno ya kemia yaliyotoka katika Kiarabu. Alkali ni al-qali, majivu ya mimea ya nchi ya chumvi. Alkoholi, kinyume cha tunavyoichukia, ni al-kuhl, ambayo ni wanja. Kemia yenyewe ni al-kimiya. Ni fahari ya haki. Lakini maneno hayo yalipitia mikononi mwa wanazuoni na vitabu vyao. Katu haikupitia kwa mwanazuoni. Ilipitia kwa wachemsha magogo, mabaharia wa majahazi, wachuuzi wa rejareja na akina nyanya waliojua kupima kwa ncha ya kidole katu ngapi na chokaa ngapi. Pengine ndiyo maana hakuna aliyewahi kuidai.

Sasa nirudi kwenye chai, maana mpwa wangu hakuniachia nirudi Mombasa kabla hajanipeleka kuona kiwanda kimoja cha wakulima wadogo upande wa Bomet. Tulipanda na kushuka vilima, tukakuta wakulima kwenye vituo vya kununulia majani, kila mmoja na gunia lake, akina mama wengine na watoto mgongoni. Huko kila jambo ni la haraka. Jani likishachumwa halina subira.

Ndani ya kiwanda majani hutandazwa kwanza na kupulizwa hewa ili yanyauke, kisha hupitishwa kati ya rola zenye meno zinazoyakata, kuyararua na kuyasokota. Kutoka hapo yanakuwa kama mboga iliyotwangwa, kijani kibichi. Halafu yanasafiri juu ya mikanda, hewa ikipita chini yake, na mbele ya macho yako, kwa muda wa saa moja na kitu, ile kijani inageuka rangi ya shaba. Harufu nayo inabadilika, kutoka ya nyasi hadi ya matunda.

Wenye kiwanda huliita tendo hilo kwa neno la Kiingereza ambalo Kiswahili chake ni kuchachuka. Mzee mmoja tuliyeswali naye adhuhuri mjini Kericho alikuwa ameliwekea shaka neno hilo siku nyingi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama kitu kilichochachuka kiwandani hakina hukumu ya tembo. Nilimwona amefanya haki kuuliza. Mpwa wangu alimjibu kwa adabu: "Shikamoo, babu. Hakuna hamira wala kileo humo. Jina ni kosa la watu wa zamani. Ni hewa tu." Na hiyo ndiyo kweli. Seli za jani zikishapasuliwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe hukutana na katekini na hewa, na katekini zikaanza kuungana mbilimbili na zaidi. Zinazoungana mwanzo huwa teaflavini, jina lililoshonwa kwa neno la chai na neno la Kilatini la manjano, nazo ndizo zinazoipa chai ule mng'aro kikombeni. Zinazoendelea mbele huwa tearubijini, nazo ndizo zenye wekundu wa kutu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi, akaagiza vikombe vitatu.

Karibu thuluthi ya uzito mkavu wa chipukizi la chai ni vitu vya ukoo huu, na sehemu kubwa kabisa ni katekini. Chai ya Kericho na Bomet husifiwa kwa wekundu wake na nguvu yake, na wekundu huo unatoka humo. Taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho, yenye asili ya tangu mwaka 1949, imefanya kazi ya miaka mingi kuchagua miche kwa kupima vitu hivihivi. Mwaka 2011 ilitoa mche wa chai ya zambarau, ambayo jani lake lina rangi kama ya zambarau zetu zile za kula. Kisha mzigo wote unateremka kuja kwetu, kwa kuwa mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956, umekuwa Mombasa tangu 1969. Waonjaji wa mnadani, wanaovuta chai mdomoni kwa kishindo na kuitema, kwa hakika wanapima kwa ulimi yale ambayo mpwa wangu anayapima kwa mashine.

Ukakasi wenyewe si ladha kama utamu au chumvi. Ni mguso. Vitu vya jamii ya tanini hushikamana na protini, na mate yetu yana protini zinazoulainisha ulimi. Zikishashikwa, ulimi hubaki mkavu. Tendo hilohilo likifanyika kwenye ngozi ya mbuzi huwa ndiyo dabagha, ngozi ikaacha kuoza. Ukitia maziwa katika chai, tanini hukimbilia protini ya maziwa zikauacha ulimi, na kwa sababu hiyo chai ya maziwa huteremka kwa upole. Neno tanini nalo limetokana na tan ya Kifaransa, yaani gome la mti wa mwaloni lililosagwa kwa kudabigha ngozi.

Na hapa ndipo niliposimama kidogo. Maana Wafaransa waliipa jina tanini kwa gome la kudabighia, na sisi je? Sisi tumefanya jambo lilelile bila kwenda maabara. Chai isiyotiwa maziwa wengine huiita ya rangi, wengine turungi, lakini watu wa pwani na visiwani wanayo pia chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, na gome lake hutoa maji mekundu yanayotumika kwa rangi na kwa kudabigha ngozi. Aliyeitazama mara ya kwanza chai kavu ndani ya kikombe, akaionja, akaiita mkandaa, alikuwa ameona rangi na amehisi ukakasi, akajua kwamba viwili hivi ni ndugu. Kemia imekuja kumwafiki. Tanini za gome la mkandaa kwa wingi ni za aina iliyojengwa kwa viungo vya ukoo wa katekini vilivyoshikana kama shanga katika uzi. Katu ya kijalubani, mkandaa wa ufuoni na chai ya Kericho ni watu wa nyumba moja.

Jina hilo limekwenda mbali zaidi ya chai. Mwaka 1839 Mjerumani aitwaye Reinsch aliitia moto katekini akapata kitu kipya, na hicho kikaitwa katekoli. Wanakemia walipokuja kugundua muundo wa homoni ya adrenalini, ile inayoudundisha moyo wakati wa hofu, wakakuta ndani yake umo umbo la katekoli. Basi adrenalini na wenzake wakaitwa katekolamini. Hawakutoka katika katu, la hasha. Mwili hujitengenezea wenyewe. Jina tu ndilo la kurithi. Hata hivyo kila daktari anayetaja katekolamini hospitalini anataja, pasi na kujua, kijaluba cha bibi fulani.

Nisije nikaeleweka kwamba nausifu uraibu. Popoo imethibitishwa kuwa inaleta saratani ya kinywa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitoa taarifa yake mwaka 2004, na waliotafuna miaka mingi wameona hasara yake kwenye meno na mashavu. Nyanya mwenyewe miaka yake ya mwisho aliacha, akabaki na kijaluba bila mzigo. Alipofariki kilimwangukia dada yangu, mama yake huyu mpwa wangu, naye akakifanya cha sindano na vifungo.

Nilipomweleza dada habari hizi hakusema kitu. Alikwenda ndani akakileta, akamimina sindano zake kwenye sahani, akanionyesha chini yake. Doa la katu bado lipo, la rangi ileile, halikutoka kwa miaka yote hiyo wala kwa ndimu. "Na mimi nilikuwa nikidhani ni kutu," akasema. Kisha akatutilia chai ya mkandaa, na tangawizi.

Wiki ile nilinunua katu kidogo mjini, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nikakifunga kwenye karatasi nikampelekea mpwa wangu kwa basi la usiku. Siku tatu baadaye akanipigia simu. Alikuwa ameyeyusha katu katika chombo kimoja, na chai katika kingine, akavitonea vyote viwili maji ya chumvi ya chuma. Katu iligeuka kijani kilichoiva sana, karibu na weusi. Chai ikageuka buluu nyeusi kama wino. Nilimwuliza kwa nini zisifanane, ikiwa ni ndugu. Akanieleza kwamba katekini ya katu ina umbo lile la katekoli, nalo hutoa kijani, ilhali katekini nyingi za chai zimeongezewa mkono mmoja zaidi, na huo ndio uletao buluu.

"Lakini mjomba," akasema, "wenzangu hapa wameniuliza hii kitu nyekundu ni nini, na jina lake nani. Nimewaambia yaitwa katu. Wamenambia niiandike kwenye chupa."

Nikamwuliza ameiandikaje.

"Kama alivyoitamka nyanya."